Damu imerudi, kinga bado: mwaka wa kwanza wa mtoto aliyepandikizwa uboho

Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa selimundu ni nini. Wala huku niliko, Lugulu, kwenye barabara itokayo Webuye kuelekea Kitale, si wengi wanaouliza. Sehemu hizi mbili za Kenya ziko mbalimbali lakini damu zao zina jambo moja, na sababu yake imejulikana muda mrefu. Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford aliyekulia hapa Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali akakuta kwamba chembe mundu zilikuwa nyingi kwa watu wa Pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, lakini kwa watu wa nyanda za juu zilizo katikati zilikuwa nadra. Ilikuwa ramani ya malaria. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba aliyeurithi mundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria. Anayeurithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa.

Mimi ni mtu wa maabara. Nilizaliwa Pwani, kazi ikanileta Bungoma, na sehemu kubwa ya siku yangu hupita nikisoma karatasi za hesabu ya damu. Siku hizi kuna karatasi za aina mpya zinazopita dirishani: za watoto waliopandikizwa uboho nje ya nchi kwa sababu ya selimundu, wakarudi nyumbani, na sasa wanapimwa huku kila baada ya wiki kadhaa. Ni wachache, lakini swali la wazazi wao ni lilelile. Mama mmoja aliweka kidole juu ya nambari ya chembe nyeupe, iliyokuwa sawa na ya mtoto yeyote mzima, akaniuliza: “Daktari, si damu imesharudi? Mbona bado wanamkataza shule?” (Mimi si daktari, lakini dirishani kila mwenye koti jeupe ni daktari.) Jibu fupi ni kwamba damu imerudi, kinga haijarudi. Jibu refu halielezeki foleni ikiwa imefika nje, ndiyo maana naliandika hapa.

Tuanze na upandikizaji wenyewe. Watanzania husema uloto, sisi husema uboho: ile nyama laini iliyo ndani ya mfupa, ambamo seli shina hukaa zikizaa chembe zote za damu, nyekundu, nyeupe, na zile ndogo za kugandisha damu. Ukiitibu damu ya mgonjwa wa selimundu bila kugusa uboho, unasafisha maji mferejini na chemchemi ni ileile. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani walichapisha habari za msichana wa miaka minane aliyepandikizwa uboho kwa sababu ya saratani ya damu. Selimundu yake ikaondoka pamoja na saratani. Kwetu Afrika Mashariki huduma hii ilichelewa. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kupandikiza mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani, wakitumia seli za mgonjwa mwenyewe. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikiza watoto wa selimundu mwaka 2023. Kabla ya hapo, na hata sasa, Wakenya wengi wanaofanikiwa kuchangisha pesa hupanda ndege kwenda India. Mfadhili bora ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja mwenye alama za tishu zinazolingana na za mgonjwa, na bahati hiyo ni moja kwa nne kwa kila ndugu.

Nisieleweke kwamba nawapigia debe wanaopandikiza. Watoto wengi wa selimundu hawatapata tiba hii, na kwao kuna dawa ya bei nafuu zaidi iitwayo hydroxyurea. Utafiti wa nchi nne za Afrika uliochapishwa 2019, ambao vituo vyake viwili vilikuwa Kilifi kwetu na Mbale, ngʼambo tu ya mpaka kutoka hapa Bungoma, uliwaanzishia dawa hiyo watoto 606. Kabla ya dawa vifo vilikuwa 3.6 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Kwenye dawa vilishuka hadi 1.1, na malaria ikapungua kwa nusu. Makala hii lakini ni ya wale waliokwisha kupandikizwa.

Siku chache kabla ya kupandikizwa, mtoto hupewa dawa kali za kufuta uboho wake, na mara nyingi dawa nyingine ya kuua seli T zake ili zisimkatae mgeni. Kisha huja siku ambayo madaktari huiita siku sifuri. Wazazi hutarajia upasuaji. Wanachokiona ni mfuko kama wa damu ukiningʼinia na kutiririka mshipani kwa saa chache. Seli shina zenyewe ndizo zinazojua njia ya kwenda mfupani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mgeni huyu hashiki jembe mapema hivyo. Huchukua wiki mbili hadi nne. Wa kwanza kuonekana ni nyutrofili, chembe nyeupe ambazo hukimbilia penye jeraha na kumeza bakteria. Zikifika 500 kwa kila maikrolita ya damu, siku tatu mfululizo, husemwa kwamba pandikizi limeshika. Kabla ya hapo mtoto hana mlinzi, na bakteria wa tumbo lake mwenyewe, wa kinywa na wa ngozi, wanaweza kumuua kwa muda wa siku moja. Ndiyo maana hutengwa kwenye chumba cha peke yake. Pandikizi likishika watu hufurahi wodini, na wana haki ya kufurahi. Ila nambari hiyo inayopanda kwanza ndiyo inayowadanganya watu baadaye.

Nyuma ya nyutrofili huja monositi, kisha seli za NK, ambazo huua seli zilizoingiliwa na virusi. Hizi hurudi ndani ya miezi mitatu ya kwanza na hazihitaji kusomeshwa. Nazipita haraka kwa sababu hazina taabu. Taabu iko kwa seli T na seli B.

Huku magharibi mwa Kenya hakuna haja ya kumfundisha mtu CD4. UKIMWI umewafanya hata akina nyanya waijue nambari hiyo: ikiwa chini ya 200, hatari. CD4 ni aina ya seli T, zile zinazotoa amri kwa nyingine. Mtoto aliyepandikizwa uboho, kwa miezi ya kwanza, huweza kuwa na CD4 za chini kama za mtu mwenye virusi vya UKIMWI aliyechelewa kuanza dawa, ingawa yeye hana kirusi hicho. Kwa hiyo hupewa Septrin kwa angalau nusu mwaka, dawa ileile, kumkinga na nimonia ileile inayowaua wenye CD4 za chini. Wapo wazazi wanaoificha dawa hiyo wakiogopa jirani atadhani mengine. Waiweke pale watakapoikumbuka; jirani hatakuja kumtibu mtoto nimonia.

Sasa, seli T mpya hupatikana kwa njia mbili, na tofauti ya njia hizo ndiyo inayoeleza kwa nini karatasi yangu haitoshi.

Njia ya kwanza ni ya mkato. Ndani ya ule mfuko wa siku sifuri mlikuwa na seli T zilizokomaa za mfadhili. Zikikuta mwili mtupu huzaana upesi, na hesabu hupanda. Lakini ni kama kijiji cha ukoo mmoja: ni wengi, na wote wanajua kazi moja. Zinakumbuka maradhi ambayo mfadhili alipambana nayo, na mara nyingi zilizozaana zaidi ni zile zinazopigana na kirusi kimoja tu, kwa mfano CMV, ambacho wengi wetu tunaishi nacho tangu utotoni bila kujua. Tena zinazokwenda kasi ni CD8, seli za kuua. CD4 husuasua nyuma. Mashine ya kawaida ya kuhesabu damu haioni tofauti hiyo. Inaona limfositi, inazihesabu, inachapisha. Limfositi zinaweza kuwa nyingi kwenye karatasi na mtoto akawa hana cha kujikinga nacho akikutana na adui mpya.

Njia ya pili ni ya chuo. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thimasi. Uboho mpya hutuma vijana huko wakasome, na masomo ni mawili: mtambue adui, usimpige wa nyumbani. Mtihani wake ni mkali kuliko wa taifa. Zaidi ya tisa katika kila kumi hufeli na kufa humohumo. Wanaofuzu ndio seli T mpya kabisa, ambazo baina yao wapo wa kutambua karibu kila kirusi, hata ambacho mfadhili hakuwahi kukutana nacho. Kuanza kuonekana kwenye damu huchukua miezi mitatu hadi sita. Kujaza safu huchukua mwaka mmoja hadi miwili. Kwa mtoto tezi hii bado ni kubwa. Kwa mtu mzima imekwisha kusinyaa na kujaa mafuta, na hiyo ni sababu mojawapo ya watoto kupona vyema kuliko watu wazima.

Chuo hiki huweza kubomolewa. Seli T za mfadhili zikimwona mwenyeji kuwa ndiye adui, humshambulia: ngozi hutoka vipele na kuwasha, mtoto huharisha, macho huwa ya manjano. Thimasi nayo huumia katika vita hivyo, na dawa za kuvizuia, kama siklosporini na steroidi, huchelewesha masomo zaidi. Kwa hiyo watoto wawili waliopandikizwa wiki moja, mmoja aliyepata mashambulizi hayo na mwingine asiyepata, hawawezi kupewa tarehe moja ya kurudi shule. Mzazi anayelinganisha mwanawe na wa mwenzake aliyekutana naye wodini hujitafutia huzuni bure.

Seli B ndizo zinazotengeneza kingamwili, na zinahitaji CD4 za kuziongoza, kwa hiyo hupanga foleni nyuma yake. Miezi miwili mitatu ya kwanza karibu hazipo. Idadi hurudi kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Kingamwili zenyewe huja kwa zamu: IgM kwanza, kisha IgG, na IgA mwisho. Ndani ya IgG, ile aina ya pili, ambayo hushughulika na bakteria waliojivika gamba la sukari, huweza kuchelewa hata miaka miwili. Hilo linamgusa mtoto wa selimundu kuliko mtoto mwingine yeyote. Mkuu wa bakteria wenye gamba ni pneumococcus, na utafiti wa Kilifi uliochapishwa 2009 ulimkuta katika asilimia 41 ya maambukizi ya damu kwa watoto wenye selimundu, akifuatiwa na Salmonella kwa asilimia 18. Sababu kubwa ni wengu, ambao wengine huuita bandama. Kazi yake mojawapo ni kuwachuja bakteria wa aina hiyo, na selimundu huuziba na kuukausha mtoto akiwa bado mdogo. Uboho mpya hubadilisha damu. Wengu uliokwisha kukauka mara nyingi haufufuki. Ndiyo maana penisilini huendelea hata baada ya mundu kuisha. Wazazi huiona ni dawa ya ugonjwa uliopona, wakaiacha. Isiachwe mpaka daktari wa upandikizaji aseme.

Na chanjo za utotoni je? Kumbukumbu yake ilikaa kwenye seli zilizofutwa, na kilichobaki hufifia mwezi hadi mwezi. Mtoto huyu ni mchanga aliyezaliwa akiwa na miaka tisa. Ila mchanga wa kweli hupokea kingamwili za mama kwenye kondo na kwenye maziwa. Huyu hana mahali pa kuzipokea. Kwa hiyo huchanjwa upya, tangu mwanzo, kana kwamba kadi yake ya kliniki imepotea. Chanjo ya nimonia huanza kati ya mwezi wa tatu na wa sita tangu siku sifuri. Kuanzia mwezi wa sita huja pepopunda, dondakoo, kifaduro, homa ya ini ya B na polio ya sindano. Chanjo zenye kirusi hai, kama ya ukambi, ambao wengine huuita surua, husubiri miezi 24, na hata hapo ni kwa sharti kwamba hatumii tena dawa za kupunguza kinga na hashambuliwi na pandikizi. BCG hapewi.

Hapa kuna jambo ambalo wahudumu wa afya wa vijijini wanapaswa kulijua. Kampeni ya polio ikija, matone hupelekwa nyumba kwa nyumba, na matone yana kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtoto aliyepandikizwa asipewe. Ndugu zake wanaoishi naye nao wasipewe matone, kwa sababu kirusi hicho hutoka kwenye choo chao kwa wiki kadhaa. Wao wapewe sindano. Mama akisema hivyo mlangoni, mchanjaji asimwandike kuwa amekataa chanjo. Kwa chanjo nyingine, kinyume chake ndiyo sahihi: kila aliye nyumbani na achanjwe, kwa sababu ukuta wa mtoto huyu kwa mwaka mzima ni watu wanaomzunguka. Hili Pwani imelionyesha waziwazi. Chanjo ya pneumococcus ilipoingia Kenya mwaka 2011, Kilifi ilichanja pia watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa wamepitwa na umri wa kuanza. Maambukizi makali ya aina zilizomo kwenye chanjo yakapungua kwa zaidi ya asilimia 90 kwa watoto wadogo, na hata watoto wachanga wasiofikia umri wa kuchanjwa wakapata nafuu.

Nirudi kwenye maabara, kwani kuna mitego mitatu ambayo mzazi hawezi kuijua asipoambiwa.

Wa kwanza ni kipimo cha mundu. Ndugu mwenye nusu ya urithi anakubalika kuwa mfadhili, na mtoto akipona atakuwa na damu kama ya ndugu huyo. Kile kipimo rahisi cha kioo, ambacho ndicho kinachopatikana katika maabara nyingi ndogo, hakitofautishi nusu na mgonjwa kamili; kitasema ndiyo kwa wote wawili. Mtoto aliyepona ataambiwa bado ana selimundu, na nyumba italia matanga bila maiti. Kipimo kinachofaa ni kile kinachotenganisha aina za himoglobini na kutoa asilimia zake. Wala mtoto si lazima awe na damu ya mfadhili kwa asilimia mia. Kwa kawaida seli za mfadhili zikishika kiasi cha asilimia 20 ya uboho, hutosha kuuzuia ugonjwa, kwa sababu chembe nyekundu nzima huishi muda mrefu kuliko zenye mundu.

Wa pili ni kundi la damu. Mfadhili akiwa wa kundi A na mtoto alikuwa O, mtoto ataishia kuwa A. Katikati ya safari kuna wiki ambapo kipimo huonyesha mchanganyiko, na mpimaji asiyejua historia hudhani sampuli zimechanganywa. Kadi ya zamani inayosema O isitumike kamwe kumwongezea damu.

Wa tatu ndio wa hatari zaidi. Mtoto huyu akiishiwa damu, damu ya kawaida ya benki haimfai hivihivi. Ndani yake mna limfositi hai za mtoaji, na mwili usio na seli T hauwezi kuzifukuza. Hushika na kumshambulia, na wachache sana hupona shambulio hilo. Damu yake lazima iwe imepigwa mionzi kwanza. Hospitali nyingi za ngazi ya chini hazina mashine hiyo, kwa hiyo simu kwa waliompandikiza hupigwa kabla ya mfuko kutundikwa. Ningependa kila mtoto kama huyu atembee na bahasha yenye tarehe ya siku sifuri, kundi la zamani na la sasa, aina ya himoglobini ya mfadhili, dawa anazotumia na nambari ya simu ya kituo. Bahasha hiyo ikae kwa mama, isikae kabatini kwa baba anayefanya kazi Eldoret.

Kwa kufuatilia kinga yenyewe, mashine za CD4 zilizoletwa kwa ajili ya UKIMWI zinaweza kusaidia. Damu ni ileile, kipimo ni kilekile, na nambari hiyo inamwambia daktari wa upandikizaji mengi kuliko hesabu nzima ya chembe nyeupe. Sioni sababu ya mtoto kusafirishwa hadi Nairobi kwa kipimo kinachofanyika hospitali ya kaunti.

Kwa kawaida familia hutakiwa kukaa karibu na kituo kwa siku 100 hivi. Baada ya hapo huja nyumbani, wakati nyutrofili zimerudi na seli T bado ziko chuoni. Na nyumbani ni Bungoma. Malaria iko mwaka mzima, na kingamwili za malaria alizojijengea utotoni zinapungua. Aliyepandikizwa kutoka kwa ndugu mwenye nusu atarithi na ule ukinzani aliougundua Allison. Aliyepata damu isiyo na mundu kabisa hana hata huo. Chandarua si hiari. Joto likifika nyuzi 38 ni dharura, usiku ni usiku, na mstari kwenye kipimo cha malaria usiwe sababu ya kuacha kutafuta bakteria. Mtoto huyu anaweza kuwa na vyote viwili.

Kuna na vumbi la mahindi. Wengi wanakumbuka aflatoksini ya mwaka 2004 kule Ukambani, watu 317 wakaugua na 125 wakafa. Sumu ile hutoka kwa ukungu wa Aspergillus, na kwa mtu asiye na kinga ukungu wenyewe, hata bila sumu, ukivutwa puani huota kwenye mapafu. Huku msimu wa kupukuchua, nyumba nyingi hulala na magunia chumbani. Mtoto alale kwingine, na asikae upande upepo unakoelekeza makapi. Pwani ukungu wa jamii hiyo mtauona kwenye mbata isiyokauka sawasawa. Kuku nao, ambao kwa Wabukusu ni heshima ya mgeni, wasilale jikoni anapolala mtoto. Nyama na mayai viive kabisa, maziwa na maji vichemshwe. Achari na juisi za kando ya barabara zingoje. Na akikaa karibu na mwenye tetekuwanga, kituo kipigiwe simu siku hiyohiyo, asingojwe mpaka atoke malengelenge.

Limebaki swali la akina kuka, ndivyo wanavyoitwa mababu huku. Wabukusu hutahiri vijana wao Agosti ya kila mwaka wa shufwa. Kijana huzunguka kwa jamaa akipiga njuga kuwaalika, hakeshi peke yake, na alfajiri hupelekwa mtoni akapakwa tope baridi mwili mzima kabla ya kusimama uani mbele ya mtahiri. Kuka mmoja alikuja na karatasi ya mjukuu wake aliyepandikizwa miezi saba kabla. Chembe nyeupe zilikuwa nzuri, za kugandisha damu zilikuwa nzuri. Kwa nini asiende na rika lake?

Sikumwambia kuhusu thimasi. Nilimuuliza kama mtoto bado anakunywa siklosporini, anakunywa. Nikamuuliza kama ameanza kuchanjwa upya, bado. Basi sindano za pepopunda alizopigwa akiwa mchanga hazihesabiki tena, nikamwambia, na pepopunda inakaa kwenye udongo, na udongo ndio atakaopakwa siku ya jeraha. Kutahiriwa hospitalini kungeondoa tope, lakini kungeacha jeraha, dawa za kupunguza kinga, na nyumba yenye wageni mia mbili wanaokohoa. Msimu unaofuata uko miezi 24 mbele, na kufikia hapo hata chanjo ya ukambi itakuwa imefikia wakati wake.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akauliza sindano za pepopunda ni ngapi. Tatu, nikamjibu, na ya kwanza ilitakiwa kuanza mwezi uliopita. Akatoa simu, akamtafuta mama wa mtoto.